Usiku Mwezi Ulipokaa Jirani na Mirihi

Kisiki kiliwapata saa saba mchana. Lori lilikuwa linapita taratibu kwenye njia ya zamani ya wapasua mbao, nyasi ndefu zikifuta uvungu wake, mara kitu kigumu kikagonga chini ya pua na mvuke ukapanda mbele ya kioo. Harish, mwenye lori na dereva wake mwenyewe, akaruka chini. Kabla hajaambiwa neno akakamata kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha. Maji yanayochemka yakamrukia mkono wa kulia, toka kiganjani hadi kiwikoni.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tano Agosti, mwaka 1971. Walikuwa wametoka Kahama alfajiri kwenda Nyarugusu. Barabara kubwa ilifungwa kwa sababu ya daraja, na Harish akasema njia ya mkato anaijua. Kwa saa tano njia hiyo ikagawanyika mara mbili, mara tatu, kama njia za mbuzi, na kila ilipogawanyika Harish alisema, "Hii hii."

Ndani ya lori walikuwa wanne. Harish alikuwa mwenye duka, na safari hii alikwenda na binti yake Usha, mtoto wa miaka kumi na moja, aliyelia wiki nzima mpaka akakubaliwa. Mwalimu Apolonia alihamishiwa Nyarugusu kufundisha sayansi. Juu ya mizigo alikaa Jilala, mfugaji wa Kisukuma, aliyetoka kuuza ng'ombe mnadani na kulipia nafasi yake kwa kupakia mizigo.

Apolonia alimkalisha Harish kivulini, akamwagia mkono maji ya kopo moja, polepole.

"Paka chumvi, Mwalimu. Chumvi iko gunia sita."

"Chumvi kwenye mkono ulioungua? Tulia, Baba Usha." Akachana kitenge kipya, akaufunga mkono bila kukaza. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge.

Jilala alikuwa ameingia porini kutazama njia. Wakati huo ndipo kosa lilipofanyika. Harish alitazama mbele kati ya miti akaona bluu. Bluu pana, tulivu, inayometameta chini ya jua.

"Lambo! Usha, unaona? Maji yale pale, hata nusu maili haifiki!"

Akalinyanyua debe la maji ya kunywa kwa mkono mmoja, akalimimina lote ndani ya rejeta. Lori likawaka, likaenda hatua mia nne, likanyamaza. Maji yalikuwa yametokea kwenye ufa kama mkojo wa ng'ombe, na udongo ulikwisha kuyanywa.

Jilala aliporudi, alilichungulia debe. Akaligeuza juu chini. Akaliweka.

"Bwana Harish, umebeba nini tena humu ndani?"

"Sabuni. Chumvi. Vioo vya mkono."

"Vitu vitatu," alisema Jilala, "na hata kimoja hakinyweki."

Walikwenda kwenye bluu ile. Kadiri walivyosogea, nayo ilirudi nyuma, mpaka ikaisha kabisa wakawa wamesimama ndani ya lambo. Lilikuwa kavu. Tope lake lilipasuka vipande vikubwa kama vigae, na katikati ulilala mfupa wa taya la ng'ombe.

Harish alikaa chini. Usha akamshika mwalimu mkono.

"Lakini niliyaona, Mwalimu. Baba hakudanganya."

"Hakudanganya. Uliona kipande cha anga. Ardhi ikipata moto sana, hewa iliyo karibu nayo hupinda mwanga. Mwanga wa anga unashuka, halafu unapindwa kabla haujagusa chini, unakuja machoni mwako kana kwamba umetoka ardhini. Ule ubluu ni wa kweli. Maji ndiyo hayapo."

"Kwa hiyo tumefukuza mbingu," alisema Jilala. Hakucheka.

Maji yaliyobaki yalikuwa nusu chupa, chupa ya shule ya Usha.

Jioni walirudi kwenye lori. Mwezi ulipanda karibu umejaa, na upande wake wa chini, kusini kidogo ya mashariki, ilikuwepo nyota ambayo Usha hakuwahi kuiona hivyo. Ilikuwa kubwa kuliko zote, nyekundu kama kaa la moto, na haikupepesa hata kidogo.

"Ile ina damu?"

"Siyo nyota, ni sayari," alisema Apolonia. "Dunia nyingine kabisa. Inaitwa Mirihi. Mwezi huu imetusogelea sana, haijatusogelea hivi tangu mimi nikiwa msichana." Aligonga boneti ya lori, mahali ambapo rangi ilibanduka na chuma kikaliwa na kutu. "Tazama rangi hii. Sasa tazama kule. Udongo wa kule una chuma ndani yake, na chuma hicho kimeliwa na kutu. Dunia nzima imeshika kutu, milima na mabonde."

Jilala alichota vumbi la njiani, jekundu, akalichuja kati ya vidole. "Basi huko ni Nyarugusu," alisema. "Na maji hayapo vilevile."

Usha akacheka, na ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Ijumaa asubuhi Jilala aliondoka kabla jua halijachoma, kutafuta njia yenye alama za miguu. Apolonia na Harish walichimba katikati ya lambo kwa sahani ya bati. Walipofika kina cha kiuno cha mtu, udongo ukawa baridi. Walipofika kifuani, ukalia majimaji. Walikamua tope ndani ya kitambaa. Kwa saa nne walipata nusu kopo, rangi ya chai ya maziwa.

Mbung'o ndio walikuwa balaa. Walimwandama Usha kuliko wote. Jilala aliporudi saa sita, midomo imepasuka na habari hana, alisimama akatazama.

"Mayu," alimwambia Apolonia, kwa heshima ya Kisukuma, "mvue mtoto gauni hilo. Mbung'o anapenda bluu. Sisi wenye ng'ombe tunajua, huvai bluu ukipita msitu wa mbung'o."

Apolonia alitazama. Kwenye kitenge chake cha manjano walikuwa wawili. Kwenye gauni la shule la Usha walikuwa kumi na zaidi. Chuoni hakuna aliyemfundisha hilo. Alitoa mzigoni mwake kitenge kingine, cheupe, akamfunga mtoto, na nzi wakapungua mbele ya macho yake.

"Umejuaje, Baba Nkwabi?" alimuuliza Jilala, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Si nimekwambia? Tunatazama."

Lakini kufika alasiri Usha alikuwa anatetemeka ndani ya joto. Paji lake lilichoma. Walimpa maji ya tope, akayatapika. Walimpa tone la chupa, likakaa. Apolonia alikata kitambaa, akakilowanisha kidogo, akawa anamgusisha midomo. Chupa ilibaki na vidole viwili.

"Malaria," alisema Harish. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yake aliniambia nisimlete."

"Akipata maji mengi na dawa, atapona."

"Na asipopata?"

Apolonia alimvuta Jilala pembeni. "Kesho mchana hatafika," alimwambia.

"Najua. Ningejua upande, ningembeba sasa hivi. Lakini msitu huu, mayu, ukikosea upande unatembea siku tatu humkuti mtu. Wachimbaji wa dhahabu wapo, nasikia wapo, ila wamejificha. Wanaogopa askari. Hawawashi moto mkubwa, hawapigi kelele. Unaweza kupita karibu yao usiwaone."

Jua lilitua. Mwezi ukachomoza mzima, mweupe, na Mirihi chini yake. Msitu wote ukaonekana kama umenyunyiziwa unga. Mahali fulani fisi alianza, akanyamaza.

Ilikuwa karibu saa tatu usiku Jilala aliposimama ghafla.

"Mwezi unaliwa."

Ukingo mmoja wa mwezi ulikuwa umeingia weusi. Walitazama wote. Weusi ule ulikwenda polepole, kama mtu anayesogeza mlango. Unga ukafutika kwenye miti, na nyota zilizojificha zikatoka moja moja, kisha kwa mamia. Mwisho kikabaki kijipande cheupe kama ukucha, nacho kikazimika. Mwezi haukupotea. Ulibaki pale, mviringo, rangi ya shaba iliyokaa motoni.

Jilala alikuwa amevua kofia. Harish alikuwa anasema maneno ya kwao kwa haraka, chini kwa chini.

"Nilisoma gazetini," alisema Apolonia. "Tarehe sita Agosti. Nilisoma nikasahau."

"Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Usha, kavu kama majani. Alikuwa amefumbua macho. "Na wenyewe umeshika kutu?"

Apolonia alipiga magoti karibu naye. Alijua kwamba mtoto akiendelea kuuliza yuko hai, basi akamjibu kama darasani.

"Hapana, mwanangu. Ile ni nyekundu nyingine. Sasa hivi dunia yetu imesimama kati ya jua na mwezi, imeuzibia. Lakini kuizunguka dunia kuna hewa, na mwanga wa jua unapenya pembezoni humo. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake. Hewa inaitawanya bluu huku na huku, ndiyo maana mchana anga ni bluu. Nyekundu haitawanyiki sana, inapita mpaka kule. Kila mahali duniani ambapo jua linatua saa hii, na kila mahali linapochomoza, mwanga wao umekwenda kuuangukia mwezi. Unatazama machweo ya watu wote kwa pamoja."

"Mirihi ni nyekundu kwa udongo wake," alisema Usha polepole. "Mwezi ni mwekundu kwa hewa yetu."

"Umepata alama zote."

Ndipo Jilala akainua mkono. "Nyamazeni."

Mbali sana, chini ya ukimya wa msitu, kulikuwa na kitu. Ti-ti-ti-ti. Kama mvua kwenye bati, lakini mvua haikuwepo. Kisha mlio mzito zaidi ukajiunga nao, na mwingine.

"Madebe," alisema Harish.

"Karai," alisema Jilala. "Karai za kuoshea dhahabu! Wachimbaji wanapiga ili mwezi uachiwe. Wamesahau kujificha!"

Apolonia alisimama. Miaka minane alikuwa amewaambia watoto wa shule kwamba kupigia mwezi madebe ni ujinga, na wawili aliwahi kuwachapa kwa ajili hiyo. Sasa alishika pumzi yake yote ili asipoteze hata mlio mmoja.

"Upande gani?"

Jilala aligeuka, akafumba macho, akanyoosha mkono. Mkono ulisimama chini ya Mirihi kabisa.

"Wataacha mwezi ukirudi," alisema Apolonia. "Ukikaa gizani hivi hukaa kama saa moja na nusu, haizidi sana. Tukiwa njiani watanyamaza. Tuifuate ile sayari. Lakini itatembea, itakwenda kulia kwetu na kupanda. Kila tukipumzika tuiache kulia kidogo zaidi."

"Kama nyota za kuchungia usiku," alisema Jilala. "Hilo nalijua. Lete mtoto."

Alimfunga Usha mgongoni kwa shuka lake, kama mama afungavyo. Harish alichukua chupa kwa mkono mzima. Wakaingia msituni.

Walitembea bila kuzungumza. Moshi wa nyasi zilizochomwa mbali ulitanda, ukaufanya mwezi kuwa doa tu la kahawia, lakini Mirihi ilitoboa moshi ule kama msumari. Miiba iliwachana. Kila kijito walichovuka kilikuwa mchanga mtupu. Kila baada ya muda walisimama wakasikiliza, na karai zilikuwa zimekua kidogo. Sasa waliweza kusikia kwamba mmoja wa wapigaji hakuwa na mahadhi kabisa.

"Huyo wa kushoto mwambieni apumzike," alinong'ona Harish, naye Jilala akaguna kwa kicheko.

Kisha Harish akapotea.

Alikuwa hatua mbili mbele, mara kukawa na sauti ya kokoto kuanguka, kuanguka, na kuchelewa sana kufika chini. Apolonia alimkamata ukosi wa shati akiwa ameshikilia mzizi kwa mkono uliofungwa. Jilala akajilaza kifudifudi na mtoto mgongoni, akamkamata mkanda wa suruali. Walimvuta. Harish alilala pembeni ya shimo akilia kwa maumivu, malengelenge yote yamepasuka.

"Duara," alisema Jilala. Ndivyo wachimbaji wanavyoita mashimo yao. "Duara la zamani. Na likiwepo moja, yapo hamsini."

Walikaa pale bila kuthubutu kusogeza mguu. Milio ya karai iliendelea mbele, karibu kabisa na mbali kabisa.

Apolonia alitazama chini. Udongo ulikuwa mweusi. Shuka la Jilala, ambalo mchana lilikuwa jekundu la kupigia kelele, lilikuwa jeusi. Kitenge cheupe cha Usha kilionekana. Alitazama tena pembeni ya shimo, na hapo, kama hatua moja kutoka ukingoni, akaona rundo lenye weupe hafifu.

"Mawe meupe," alisema. "Wanapochimba dhahabu wanatoa mawe meupe, sivyo?"

"Ndiyo. Dhahabu inakaa humo."

"Na wanayamwaga mdomoni mwa shimo. Sikilizeni. Gizani jicho la mtu huiacha nyekundu kwanza. Udongo wote huu kwetu ni mweusi, duara nalo ni jeusi, hatuwezi kuyatenganisha. Msitafute mashimo. Tafuteni weupe. Penye weupe, tunapita mbali."

Wakaenda hivyo. "Weupe kushoto," alisema Apolonia. "Weupe mbele, zunguka." Alirusha kokoto pale alipotilia shaka, mara tatu kokoto ilianguka bila kugonga kitu kwa muda. Alihesabu malundo kumi na tisa kabla hayajaisha.

Mlio ukaanza kupungua. Mmoja aliacha, kisha wengine. Nyuma ya moshi, ukingo wa mwezi ulikuwa umewaka weupe. Karai ya mwisho ilipigwa na yule asiye na mahadhi, nayo ikanyamaza.

"Usha," aliita Harish. "Usha, dikri. Binti yangu."

Mtoto hakujibu. Jilala aligeuza shingo akaweka shavu lake kwenye shavu la mtoto. "Anapumua. Tembea, Bwana Harish."

Mirihi ilikuwa imehamia kulia kwao. Apolonia aliipima kwa mkono, ngumi mbili kulia, akaendelea mbele. Harish alimwaga yaliyobaki ya chupa kwenye kitambaa akakiweka mdomoni mwa binti yake, kisha akaitupa chupa. Waliteremka bonde, wakapanda, wakaanguka, wakaamka. Halafu mbwa akabweka.

"Askari!" mtu alipiga kelele gizani. Vishindo vya miguu vikatimka pande zote. Taa zikazimwa. Walipotokea penye vibanda vya nyasi, kambi ilikuwa tupu, karai zimetupwa chini, nyingine bado zinazunguka.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mwanamke mnene aliyesimama mbele ya mafiga na mwiko mkononi.

"Mimi ni Justa, napika tu," alisema kwa ukali. "Sichimbi. Mkitaka kunikamata ngojeni uji uive."

"Maji," alisema Jilala.

Justa alimwona mtoto, mwiko ukamtoka mkononi. Alimfungua mgongoni mwa Jilala, akamlaza, akachota kwenye mtungi. "Kijiko kijiko! Baba, usimmiminie, utamuua! Hivi." Kijiko kimoja. Cha pili. Mtoto akameza. "Eustace! Nyie wanaume waoga, rudini! Hawa siyo askari, ni watu! Leteni ile klorokwini!"

Wakarudi mmoja mmoja, wamejaa vumbi, wakasimama kuzunguka. Eustace, msimamizi wao, kijana mrefu, alileta vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Usha alivimeza na uji mwepesi wenye chumvi na sukari. Havikutoka.

Kulipopambazuka jasho lilimtoka, na joto likashuka. Aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, akanywa kopo zima bila msaada. Harish alikaa miguuni pake, mkono wake umefungwa upya kwa majani na kitambaa, akamtazama anavyokunywa kana kwamba hajawahi kuona mtu akinywa maji. Kisha alimgeukia Jilala, akamshika mikono yote miwili.

"Wabeja," alisema. Lilikuwa neno la Kisukuma la kushukuru, alilolitumia dukani kwa kila mteja. Safari hii alilirudia mara tatu.

Eustace alichuchumaa mbele ya Apolonia. Alikuwa na jambo, na wenzake walikuwa wamemtuma nalo.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunabishana hapa. Donatus anasema sisi tulipiga mpaka mikono ikaumuka, na mwezi ukaachiwa. Mimi nilikataa nikasema ni kujitafutia askari bure. Wewe umesoma. Ule mwezi ni sisi tuliourudisha, au hapana?"

Watu wote walisogea. Hata Justa aliacha kukoroga.

Apolonia alitazama mikono ya Donatus, yenye malengelenge mapya, na karai zilizotupwa chini, zilizobonyea kwa kupigwa.

"Hapana," alisema. "Mwezi ungerudi hata mngelala. Una njia yake, na saa zake zinajulikana."

Donatus akainama.

"Huyu," alisema mwalimu, akamwekea Usha mkono kichwani, "huyu ndiye asingefika."

Justa akamtwanga Donatus begani kwa mwiko, akampa bakuli la kwanza la uji.